Dada wa Arua anauliza: masta ya spichi (tiba ya usemi, lugha na kumeza) niende kuifanyia wapi?

Swali lenyewe nimelifupisha kidogo: "Nina digrii ya ualimu wa mahitaji maalumu kutoka Kyambogo, second upper, CGPA (wastani wa alama) 3.7. Nafundisha yuniti ya watoto wenye ulemavu hapa Arua, nina miaka 31 na mtoto wa miaka minne. Watoto wangu wengi hawaongei, wengine wanakabwa na chakula, na spichi therapisti ninayemjua mimi yuko Kampala. Nataka kufanya masta ya spichi alafu nirudi hapa hapa. Niende Marekani, Uingereza, Afrika Kusini ama India? Hizi za online zinafaa? Na CGPA yangu inatosha kweli?"

Dada, asante kwa swali, na asante zaidi kwa kusema mapema kwamba unataka kurudi, maana hapo ndipo jibu langu lote linategemea. Ungesema unataka kuishi Texas ningekujibu vingine kabisa.

Watu wengi wanaanza na nchi. Mimi nakuomba uanze na siku ile utakaporudi Entebbe na karatasi yako mkononi, ujiulize nani atakupa ruhusa ya kumshika mgonjwa. Kwetu Uganda kazi yetu sisi therapisti wa spichi iko chini ya Allied Health Professionals Council, baraza linalotusajili, na karatasi ya nje lazima kwanza ipite National Council for Higher Education, baraza la elimu ya juu, waiangalie inalingana na nini hapa. Hao wawili hawajali chuo chako ni maarufu kiasi gani, wanataka kujua ulisoma nini, ulifanya masaa mangapi ya kliniki, chini ya nani, na kama hiyo nchi uliyosoma yenyewe ingekukubali kufanya kazi kwa hiyo karatasi. Sasa kabla hujalipa hata ada ya maombi, chukua silabasi ya kozi unayoipenda, peleka, uliza, na uombe jibu kwa maandishi. Simu haitoshi, bana, yule aliyekujibu kwa simu mwaka huu, mwaka wa tatu ukirudi amehamishwa.

Nasema hivyo kwa sababu jina "masta ya spichi" limebeba vitu tofauti sana ndani yake. Kuna masta ya kuingilia kazi, yaani mtu ana digrii ya kitu kingine kama wewe, anasoma miaka miwili hivi, anatoka ni therapisti. Kuna masta ya kuongezea, hiyo ni ya mtu ambaye tayari ni therapisti, anaenda kuzama kwa jambo moja kama kumeza ama kigugumizi ama utafiti. Na kuna masta za sayansi ya lugha ama za mawasiliano, nzuri sana za kusoma, lakini ukimaliza hauruhusiwi kumgusa mtu. Kwenye tovuti za vyuo zote tatu zina picha ile ile ya mama mzungu na mtoto wameshika kadi. Wewe unahitaji ile ya kwanza peke yake.

Ukiangalia nchi kwa jicho hilo, orodha yako inakatika haraka. Afrika Kusini mtu anakuwa therapisti kwa digrii ya kwanza ya miaka minne, pale Wits, Cape Town, Pretoria, Stellenbosch na kwingineko, anasajiliwa na baraza lao la afya, HPCSA, anafanya mwaka wa huduma kwa jamii. Masta yao inadai uwe tayari na hiyo digrii. India vivyo hivyo, najua kule kuna wajomba na mashangazi wengi wamepeleka watoto, na taasisi yao ya Mysuru ina heshima kubwa, lakini masta ya spichi kule inataka kwanza BASLP, digrii yao ya kwanza ya masikio na usemi. Ukienda na ualimu wako watakurudisha mwanzo. Hizo mbili weka pembeni.

Ghana hukuitaja na mimi naitaja: Chuo Kikuu cha Ghana wana masta ya spichi, na ni Afrika, magonjwa ni yale yale, watoto wanabebwa mgongoni vile vile. Waandikie uulize kama digrii ya ualimu wa mahitaji maalumu wanaikubali.

Zinabaki Marekani na Uingereza, na hapa ntakaa kidogo.

Marekani masta ndio mlango wenyewe wa kazi. Chama chao kinaitwa ASHA, kiko tangu 1925, na ndio wanatoa cheti kinachoitwa CCC-SLP. Kozi lazima iwe imeidhinishwa na baraza lao la CAA, ama baraza lenyewe liwe limeipa rasmi hadhi ya "candidate", usikubali neno la mdomo tu la "iko mbioni kuidhinishwa". Ndani ya masomo unatakiwa kufikisha masaa 400 ya kliniki, 25 ni ya kutazama tu na 375 ni ya wewe mwenyewe kufanya kazi na mgonjwa, ingawa mpaka 75 ya hayo unaweza kuyafanya kwa wagonjwa wa kuigiza wa kompyuta ama wa plastiki. Supavaiza lazima awe na cheti chao na akutazame kwa macho yake si chini ya robo ya muda unaokaa na kila mgonjwa. Alafu ukimaliza chuo bado, kuna mtihani wa Praxis ambao kupita ni 162, na kuna kitu wanaita felowshipu ya kliniki, masaa 1,260 kwa muda usiopungua wiki 36, unafanya kazi unalipwa lakini kuna mkubwa anakufuata.

Hapa kuna hesabu ambayo watu hawaifanyi mpaka wakachelewa. Visa ya mwanafunzi, F-1, inakupa ruhusa ya kufanya kazi baada ya masomo, inaitwa OPT, miezi 12 kwa fani yetu, maana spichi kwa kawaida haimo kwenye zile za sayansi na teknolojia zinazoongezewa muda. Wiki 36 ni kama miezi tisa. Inaingia, lakini inaingia kwa kubanwa: ukikaa miezi minne unatafuta kazi ama unangoja leseni ya jimbo, hesabu imevunjika, na hata hivyo ukifikisha siku 90 bila kazi hadhi yako ya visa iko hatarini. Kwa hiyo mtu anayeenda Marekani anaanza kutafuta mahali pa felowshipu akiwa bado darasani. Utaniuliza, si narudi Uganda, CCC ya nini? Swali zuri. Kwa Arua hautaihitaji ili kufanya kazi, ila ukiwa nayo mikataba ya kutambuana kati ya ASHA na vyama vya Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand na Ireland inakurahisishia, na siku moja ukitaka kusimamia wanafunzi wa kule wanaokuja huku, wanataka mtu mwenye cheti hicho.

Halafu kuna masomo ya kuziba mapengo. ASHA wanataka uwe umesoma biolojia, fizikia ama kemia, takwimu na sayansi ya jamii kwa kiwango cha chuo. Wewe na ualimu wako sayansi ya jamii unayo, takwimu labda, lakini biolojia na fizikia ya chuo sidhani. Na juu ya hayo vyuo vyenyewe vinataka uwe umeshasoma fonetiki, anatomia ya usemi na masikio, ukuaji wa lugha wa mtoto, na mwanzo wa odiolojia, yaani elimu ya usikivu. Asiye nayo anaongezewa mwaka ama semesta kadhaa mbele. Kwa hiyo ile "miaka miwili" kwako wewe ni mitatu, na ada ni ya mitatu. Vyuo vya binafsi kule masta peke yake inaweza kupita dola 60,000 kabla hujala wala kulala, na kabla ya visa wanataka uonyeshe pesa ya mwaka mzima wa kwanza. Njia ya kweli ya mtu wetu ni chuo cha serikali ya jimbo kinachompa kazi ya usaidizi, unamsaidia profesa ama unasimamia maabara, wanakufutia ada au sehemu yake. Hizo nafasi zipo ila kwa masta za kliniki ni chache, kwa PhD ndio nyingi, maana hata wao wana uhaba wa wahadhiri wa spichi.

Uingereza iko hivi. Kazi inasimamiwa na HCPC, chama ni RCSLT. Wana digrii ya kwanza na wana pia masta ya kuingilia kazi ya miaka miwili, imebanwa kweli kweli, asubuhi darasa, wiki nyingine yote uko hospitali ama shule. Digrii ya ualimu wa mahitaji maalumu kule inapendwa, second upper yako ndiyo wanayotaka wengi wao. Lakini kuna kuta tatu.

Ya kwanza Kiingereza. Kwa spichi HCPC hawakubali alama za kawaida, wanataka mtihani wa IELTS 8.0 kwa jumla na hakuna sehemu iliyo chini ya 7.5, hii ni juu kuliko wanayodai kwa karibu kazi zote nyingine za afya, na ukifikiria ni haki, kazi yenyewe ni lugha. Waganda wengi wanachukulia mchezo kwa sababu tumesoma kwa Kiingereza toka primary, alafu sehemu ya kuandika inawaangusha kwa 6.5. Fanya mazoezi ya kuandika kwa saa, sio kusoma tu.

Ya pili mtoto wako. Tangu Januari 2024 mwanafunzi wa masta ya kufundishwa hawezi kumleta mtoto wala mume kwa visa yake, isipokuwa mwenye skolashipu ya serikali. Marekani mtoto anaweza kukufuata kwa F-2, visa ya familia ya mwanafunzi. Miaka miwili mbali na mtoto wa miaka minne, hilo siwezi kukuamulia, we kaa na mama yako na baba mtoto mlizungumze sasa kabla ya barua ya ofa kuja, maana barua ikishakuja kila mtu anashangilia na hakuna anayefikiri.

Ya tatu pesa, na hapa naona watu wanaumia bure. Kila mtu anasema "omba Chevening", ile skolashipu ya serikali ya Uingereza. Chevening inalipia masta isiyozidi miezi 12! Ile yako ni miaka miwili, haimo. Unaweza kukuta mtu ameandika insha nne nzuri, amepanda basi kutoka Arua mpaka Kampala kutafuta barua za marejeo, na kozi yenyewe haikuwa inaruhusiwa toka siku ya kwanza. Soma masharti ya urefu wa kozi kabla ya kusoma kitu kingine chochote. Fulbright, skolashipu ya serikali ya Marekani, nayo uliza ubalozini mapema kuhusu kozi zenye kugusa wagonjwa, na ujue skolashipu ya aina hiyo kwa kawaida inakufunga kurudi nyumbani miaka miwili, ambayo kwako sio adhabu.

Online sasa. Sio utapeli zote, Marekani kuna masta za online zilizoidhinishwa na CAA kabisa, mihadhara inakuja kwa kompyuta. Ila yale masaa 375 hayafanyiki hewani yote, chuo kinakutafutia ama kinakuambia utafute kliniki karibu na unapoishi, na supavaiza mwenye CCC. Arua sidhani yupo. Kwa hiyo ukiwaandikia usiulize kama wanapokea wanafunzi wa nje, uliza: "Mimi naishi Uganda na nitabaki Uganda, kliniki yangu nitaifanyia wapi na nani atanisimamia?" Jibu la sentensi mbili hapo litakuokolea mwaka mzima. Na yule atakayekuambia kozi yake haina kliniki kabisa, unapata cheti kwa video peke yake, huyo mwache na pesa zako zibaki kwako.

Nataka uelewe kwa nini nang'ang'ania kliniki hivi, wengine wanadhani ni urasimu. Chukua mtoto wa mtindio wa ubongo wa miaka mitatu, mama amekaa kwa mkeka, mtoto amelazwa chali kwa mapaja yake, kichwa kimeanguka nyuma, mama anamimina uji kwa kikombe kwa sababu ndivyo anavyomaliza haraka. Mtoto anakohoa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaandika kwenye karatasi: "anakohoa wakati wa kula". Supavaiza anamwambia rudi utazame tena. Anakohoa kabla hajameza, wakati anameza, au sekunde kumi baadaye? Uji ni mwepesi kama maji au umeshika kijiko? Sikiliza sauti yake akilia baada ya kumeza, ina maji maji ndani? Shingo iko wapi? Alafu wanamwinua mtoto, wanamkalisha wima, kidevu kinashuka kidogo, kikombe kinawekwa pembeni, anapewa kijiko bapa nusu, uji umeongezwa unga, wanangoja ameze yote ndio kijiko cha pili. Kikohozi kinapungua pale pale na mama anauliza mbona hakuna aliyeniambia. Na kuna watoto wengine wabaya zaidi, uji unaingia njia ya hewa na hawakohoi kabisa, kila mwezi wako wodini na nimonia na kila mtu anasema ni baridi. Kitabu kinakuambia haya kwa ukurasa mmoja. Kuyaona ni kwa kusimamiwa, mtu anakukosoa mbele ya mtoto wa tano, wa ishirini, wa hamsini.

Kitu kingine ambacho kozi ya nje haitakupa, ukisoma popote pale, ni lugha zetu. Vipimo vingi utakavyofundishwa vimetengenezwa kwa mtoto anayeongea Kiingereza tu. Mfano mdogo: kwa Luganda l na r ni kama sauti moja inayobadilika kwa kufuata irabu iliyotangulia, baada ya e na i inakuwa r, kwingine l. Mtoto wa Kiganda akipimwa matamshi kwa kipimo cha Kiingereza atapewa makosa mengi ya l na r na hana ugonjwa wowote, anaongea kama baba yake. Kwako huko ni zaidi: Kilugbara kina toni, na mtoto mwenye shida ya usemi anaweza kutamka konsonanti zote sawa na toni ikaharibika, kipimo cha Kiingereza hakina hata mahali pa kuandika hilo. Ongeza Kakwa, Madi, Alur, Kinubi, Kiswahili cha sokoni, na watoto wa kambi za wakimbizi za Bidi Bidi na Rhino Camp wenye Kiarabu cha Juba na Kidinka. Katiba yetu baada ya marekebisho ya 2005 inataja jamii 65, hakuna therapisti mmoja atakayezijua lugha zote hizo. Unachohitaji kujua ni njia: unamuuliza mama mtoto anasikia lugha gani na kutoka kwa nani, unamlinganisha na ndugu zake na watoto wa jirani, unamfundisha mkalimani asimsaidie mtoto kujibu, na unakumbuka kwamba shida ya kweli ya lugha inaonekana kwenye lugha zote za mtoto. Akichelewa Kiingereza peke yake, huyo anajifunza Kiingereza tu.

Sasa nije kwenye njia ambayo hukuiuliza. Makerere walianzisha digrii ya kwanza ya spichi mwaka 2008, pale hospitali ya Mulago kwa upande wa masikio, pua na koo, na wazungu kutoka Uingereza walisaidia sana kuianzisha. Kabla ya hapo mtu wa kwetu hakuwa na pa kusomea Afrika Mashariki. Najua utasema, nina digrii, nirudi kwa digrii nyingine na watoto wa S6 (kidato cha sita)? Inauma, naelewa, na kule kijijini watasema umerudi nyuma. Lakini tazama unachopata: ada ya shilingi, basi ya usiku inakufikisha kwa mtoto wako, kliniki yote unaifanya kwa wagonjwa ambao ndio utakaowatibu, mtu wa stroki (kiharusi) aliyepoteza maneno na binti yake anatafsiri, kijana wa boda aliyevunjika kichwa, mtoto aliyepona malaria ya ubongo lakini maneno hayajarudi, mtoto wa kaakaa lililopasuka ambaye ameshashonwa hospitali ya CoRSU pale Kisubi na sasa anahitaji kufundishwa kutumia hilo kaakaa jipya. Na usajili hapa unakuwa mwepesi, hakuna kutafuta ulinganisho wa karatasi ya nje. Nenda ofisi ya msajili Makerere uulize kwa mwaka unaoutaka wewe kama wanapokea, na kama wanachukua wenye digrii tayari kwa nafasi za watu wazima. Baada ya hapo ile masta ya kuongezea ya mwaka mmoja inakuwa wazi kwako, na Chevening ghafla inakuwa na maana kwa sababu mwaka mmoja wanalipia, na uzoefu wa kazi wa miaka miwili wanaoudai utakuwa nao.

Kwa hiyo msimamo wangu, maana uliniuliza uende wapi. Kama lengo ni Arua, na hauna skolashipu iliyoandikwa kwa karatasi yenye jina lako, anza Makerere. Kama unapata chuo cha Marekani kinachofuta ada, nenda, chukua mtoto, ubane ile OPT. Uingereza ningeweka ya tatu kwa sababu ya mtoto na kwa sababu ya pesa, sio kwa sababu ya ubora, ubora wanao. Mtu asikushawishi uuze kipande cha shamba la familia kwa masta ya kulipa mwenyewe, mshahara wa spichi hapa hautakirudisha kwa haraka unavyofikiri, nafasi za serikali kwa kazi yetu ni chache na wengi tunaunga unga kati ya hospitali binafsi, shule za kimataifa na miradi.

CGPA yako: usiibadilishe mwenyewe! 3.7 yetu ni kati ya 5, wao wanasoma kati ya 4, na ukiandika 3.7 bila kueleza, mtu ataona ni ya juu mno alafu transkripti ikifika wanakuona mwongo. Andika 3.7 kati ya 5.0, second class upper, na wacha shirika la kulinganisha vyeti kama WES lifanye kazi yake. Inatosha kuombea, kwa vyuo vyenye ushindani mkubwa Marekani itakuwa katikati, na hapo kinachokubeba ni barua yako. Barua usianze na "toka utotoni nilipenda kusaidia watu", wanasoma hiyo mara mia. Waandikie kuhusu mtoto mmoja wa yuniti yako, bila jina lake: ulijaribu nini, kikashindikana wapi, na ni nini ambacho hukukijua siku ile ambacho unataka kwenda kujifunza.

Maombi ya Marekani mengi yanapitia mfumo mmoja unaoitwa CSDCAS na mengi yanafungwa kati ya Desemba na Februari kwa watakaoanza Agosti. Kyambogo omba transkripti sasa hivi, usingoje Oktoba. Na kabla ya yote hayo, likizo ijayo njoo Kampala wiki moja ukae kliniki na therapisti, utazame tu. Hayo masaa hayatahesabiwa kwenye zile 25 za ASHA kama huyo therapisti hana cheti chao, lakini utajua kama unaweza kukaa dakika arobaini ukimsubiri mtu wa miaka sitini atafute jina la mke wake bila wewe kumsaidia. Wengine wanagundua hapo kwamba hawawezi. Andika mapema tu, tunaomba ruhusa ya hospitali na ya wagonjwa kwanza, na uje na koti jeupe lako mwenyewe.